Mwanachama Bila Kadi: Klabu za Soka na Mabishano ya Mashabiki katika Miji ya Mlima Kenya

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Murang'a, Karatina na Nyeri hadi Nanyuki, Meru, Embu na Kerugoya, mabishano ya mashabiki wa soka kuhusu klabu za kwao yamejengwa kwa miaka mingi juu ya mambo matatu, yaani mkataba wa mchezaji, mwenendo wa wasimamizi, na uwezekano wa kuifufua timu iliyoanguka. Mambo hayo hujadiliwa popote penye timu na mashabiki, lakini mlimani yamepata sura yake kutokana na historia ambayo sehemu yake kubwa haikutendeka uwanjani. Tangu ligi ya taifa ya Kenya ianzishwe mwaka 1963, bingwa hajawahi kutoka Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi wala Meru, ingawa eneo hilo lina watu wengi, lina shule za siku nyingi, na lina wakulima waliozoea kuchanga fedha na kuziendesha kwa pamoja. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara, kwamba watu wa mlimani hupenda biashara kuliko mpira, hayatoshi hata kidogo, kwa sababu yanachukua matokeo ya historia na kuyageuza kuwa tabia ya kuzaliwa nayo.

Mpira wa miguu uliingia katika eneo hili la mlima pamoja na misheni na shule. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walifika Tuthu, katika Murang'a ya leo, mwaka 1902, na katika miaka iliyofuata Nyeri ikawa kitovu cha kazi yao, ilhali Wapresbiteri wa Kanisa la Skotlandi walifungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Mchezo uliofundishwa katika viwanja vya vituo hivyo ulihesabiwa kuwa sehemu ya malezi, pamoja na useremala, usafi na kusoma, na kwa hiyo timu ilikuwa mali ya shule. Kijana alipomaliza masomo aliiacha timu pamoja na daftari zake, kwa kuwa nje ya lango la shule hapakuwa na chama cha watu wazima cha kumpokea. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalotofautisha historia ya soka ya mlimani na ile ya magharibi ya nchi, ambako chama cha watu wazima kilitangulia na klabu ikazaliwa ndani yake.

Wafanyakazi waliotoka Nyanza na Magharibi kwenda Nairobi, Mombasa na kwenye stesheni za reli waliishi mbali na kwao kwa miezi mingi, na walijiundia vyama vya kusaidiana ambavyo vilizika wafu, viliwapokea wageni na viliendesha timu za mpira. Kutokana na vyama vya namna hiyo zilipatikana klabu kama Luo Union na, baadaye, Abaluhya iliyoanzishwa mwaka 1964 na Gor Mahia iliyoundwa mwaka 1968. Mfanyakazi wa Nyeri au Murang'a hakuwa na haja ile ile, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa mbali na Nairobi, na mwisho wa juma aliweza kupanda gari akalale kwake, akakague shamba na kuhudhuria shughuli za ukoo. Timu haikuhitajika iwe nyumba ya pili kwa mtu ambaye nyumba ya kwanza ilikuwa safari ya saa chache.

Lakini umbali peke yake hauelezi yote, kwa sababu historia ya miaka ya 1950 iliingilia kati kwa mkono mzito zaidi. Hali ya Hatari, yaani utawala wa sheria za dharura uliotangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuwakabili Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, ilidumu hadi Januari 1960, na uzito wake mkubwa uliwaangukia Wakikuyu, Waembu na Wameru. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wa jamii hizo walikamatwa, wakapelekwa kizuizini au wakarudishwa kwa nguvu katika maeneo yao. Huko vijijini zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka kwenye nyumba zao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari, ambako kutoka baada ya jua kutua kulikuwa kosa na mkutano wa watu wachache tu ulitiliwa shaka. Hii ilikuwa miaka ile ile ambayo timu za mitaa ya Nairobi na Mombasa zilikuwa zikijipatia viongozi, wafuasi na desturi. Haiwezekani kuunda klabu ya mpira pale ambapo watu kumi hawaruhusiwi kusimama pamoja, na ni haki kusema kwamba kizazi kizima cha wanaume wa mlimani kiliondolewa katika miji wakati klabu za Kenya zilipokuwa zikitia mizizi. Hata uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, ambao leo hutajwa kwanza kila soka ya Nyeri inapozungumziwa, uliingia katika kumbukumbu za taifa kwa sababu nyingine kabisa: hapo ndipo wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walipojitokeza na kusalimisha silaha mbele ya serikali mpya mnamo Desemba 1963.

Baada ya uhuru, nguvu ya kuungana ilielekezwa kwenye ardhi. Chama cha GEMA, kilichowaunganisha Wakikuyu, Waembu na Wameru kuanzia mwaka 1971, kilianzisha kampuni ya uwekezaji iliyonunua mashamba na hisa, na kandokando yake vilizuka vikundi vingi vya watu waliochanga fedha ili kununua mashamba ya walowezi na kugawana. Mwaka 1980, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe, klabu za mpira zenye majina ya kikabila zililazimika kuyabadilisha, na Abaluhya ikawa AFC Leopards, jina linalojulikana hadi leo. Klabu hiyo ilipoteza jina tu, kwa maana wafuasi wake walibaki pale pale. Mlimani amri hiyo iliikuta kampuni, na kampuni hiyo nayo ilibadilisha jina ikaendelea na biashara, bila kuacha nyuma jezi wala wimbo wowote wa uwanjani.

Njia ya pili ambayo ingeweza kuleta timu kubwa mlimani ilikuwa timu za mashirika. Kwa muda mrefu ligi ya Kenya ilikuwa na klabu nyingi za waajiri, kama vile kiwanda cha bia, shirika la reli, posta, mabenki na viwanda vya nguo na sukari, na katika klabu hizo mkataba wa mchezaji ulikuwa barua ya ajira ya kawaida. Mchezaji aliandikishwa kuwa karani, fundi au mlinzi, akalipwa mshahara wa cheo hicho, akaruhusiwa kutoka kazini mapema kwenda mazoezini, na miguu ilipochoka alibaki na kazi yake. Huo ulikuwa mkataba wenye maana, pengine wenye maana kuliko mingi iliyofuata, kwa kuwa ulikuwa na pensheni. Ulihitaji, hata hivyo, mwajiri mkubwa mwenye wafanyakazi wengi, na mlimani mwajiri wa namna hiyo alikuwa nadra.

Uchumi wa Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Meru ulijengwa juu ya mkulima mdogo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi mlango wa kulima kahawa na chai kwa ajili ya kuuza. Kiwanda cha chai cha Ragati, karibu na Karatina, kilijengwa mwaka 1957 kwa ajili ya wakulima hao wadogo. Na mwaka 1964 iliundwa mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, ambayo baadaye ikawa kampuni ya KTDA. Kiwanda cha chai cha mlimani kina wamiliki maelfu na waajiriwa wachache. Wamiliki hao husubiri bonasi, yaani malipo ya mwisho wa mwaka yanayotokana na mauzo baada ya gharama zote kukatwa, na kila shilingi ambayo kiwanda kingeitumia kuwalipa washambuliaji na mabeki ingeonekana waziwazi kuwa imetoka katika mfuko wa mkulima. Mkurugenzi wa kiwanda cha bia aliweza kuamua kuwa na timu bila kumuuliza mtu. Mkurugenzi wa kiwanda cha chai angelazimika kulieleza jambo hilo mbele ya watu waliochuma majani kwa mikono yao wenyewe.

Hapo ndipo panapopatikana jambo la kuvutia kuliko yote katika historia hii. Vyama vya ushirika vya kahawa na viwanda vya chai viliwafundisha watu wa mlimani kuhoji uongozi kwa ukali na kwa ustadi. Mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha kahawa ni mahali ambapo mkulima mwenye miti mia mbili huuliza kwa nini kilo ya kahawa yake imelipwa chini ya ile ya chama jirani, nani aliidhinisha mkopo, mkataba wa kusaga au kuuza ulitiwa saini lini na kwa masharti gani, na kamati iliyoshindwa itaondoka lini. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 ilipoipunguzia serikali mamlaka ya kuvisimamia, vyama vikubwa vya kahawa katika Nyeri viligawanyika katika mabishano makali, mengine yaliyofikia vurugu, kuhusu nani amiliki kiwanda kipi na nani abebe madeni. Mabishano hayo yaliwaumiza watu wengi. Yalionyesha pia kwamba katika eneo hili neno «kamati» lina uzito, kwa sababu kila mkulima alijua kuwa ana kura ya kuichagua na kuiangusha.

Shabiki wa soka wa Karatina au Othaya ni mtu huyo huyo. Anapojadili klabu hutumia msamiati wa ushirika: huuliza fedha za mlangoni zimekwenda wapi, mchezaji ameuzwa kwa kiasi gani na nani amekula hela hiyo, mwenyekiti amechaguliwa na nani, na kwa nini hesabu hazisomwi hadharani. Tofauti ni kwamba katika chama cha kahawa ana namba ya uanachama, ilhali katika klabu ana tiketi ya siku moja. Hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba udhaifu wa klabu za mlimani haukutokana na uchache wa mashabiki wala na upole wao, bali na jambo hili: ujuzi mkubwa wa kuhoji ulikuwepo, lakini klabu zilikuja zikiwa tayari zina mwenyewe, na mwenyewe huyo hakulazimika kumjibu mtu.

Thika, mji wa viwanda ulio kwenye lango la kusini la eneo hili na uliofikiwa na reli mwaka 1913, ndio uliopata klabu ya kudumu kwanza. Thika United, iliyodhaminiwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, ilicheza Ligi Kuu kwa takriban muongo mmoja, na kutoka kwayo alipatikana kiungo Francis Kahata, ambaye baadaye alicheza Gor Mahia na Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2018 ikashuka daraja. Miaka miwili baadaye mji huo huo ulipata timu nyingine katika Ligi Kuu, Bidco United, inayomilikiwa na kampuni ya Bidco ya kutengeneza mafuta ya kupikia. Timu zote mbili zilifuata mfano wa zamani wa mwajiri na timu yake, na kwa kuwa Thika ina viwanda, mfano huo ulikuwa na mahali pa kusimama. Kaskazini ya hapo hali ni nyingine.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Mount Kenya United. Mwanzo wake haukuwa mlimani hata kidogo, kwani klabu hiyo iliingia Ligi Kuu mwaka 2017 kwa jina la Nakumatt, duka kuu lililokuwa na matawi mengi Afrika Mashariki na ambalo jina lake lilitokana na biashara ya magodoro ya Nakuru. Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa tayari inazama katika madeni. Rafu zilibaki tupu, wenye majengo wakaifungia milango, na Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi wa ufilisi. Timu ikabaki na jina la mdhamini asiyeweza kulipa. Katika mwaka huo huo ilipata wasimamizi wapya na kupewa jina la Mount Kenya United, na mashabiki wa Nyeri na miji jirani wakaambiwa, kwa lugha ya jezi na nembo, kwamba sasa wana klabu yao katika ligi ya juu.

Swali la nani aliyewauliza halikupata jibu, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Jina lilihamishwa, lakini klabu haikuhamia mlimani kwa maana ya kuwa na uwanja, ofisi, shule ya vipaji na wanachama huko. Mechi zake nyingi za nyumbani zilichezwa mbali na miji iliyobeba jina hilo. Wachezaji walilalamika hadharani kwamba hawalipwi mishahara, baadhi wakagoma, wengine wakaondoka, na timu ikamaliza msimu wa 2018/19 ikiwa mkiani, ikashuka, na haijarudi Ligi Kuu. Ni vigumu kuwalaumu wakazi wa Nyeri kwa kutojaza viwanja kwa ajili ya timu hiyo. Waliozoea kununua hisa za kiwanda wanachokiona kwa macho hawakuwa na sababu ya kuinunua picha ya mlima iliyoshonwa kifuani.

Kisa hicho kinafaa kuelezwa pamoja na sheria ya mikataba, kwa sababu wengi wa wanaobishana kuhusu usajili hawajapata nafasi ya kuambiwa sheria hiyo inasema nini. Kwa kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauwezi kuzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya umri wa miaka 18 hauwezi kuzidi mitatu. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu katika mkataba wake ana ruhusa ya kusaini na klabu nyingine, na ndiyo maana klabu inayochelewa kuongeza mkataba hujikuta ikimpoteza nyota wake bila kupata hata senti. Tangu Juni 2018, mwaka ule ule wa matatizo ya Mount Kenya United, kanuni hizo zinasema wazi kwamba mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria anaweza kuuvunja mkataba kwa sababu ya haki, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya angalau siku 15 ili ilipe deni lote. Shabiki anayemwita mchezaji huyo msaliti anakosea, na inafaa asahihishwe.

Katika kanuni hizo hizo kuna vifungu ambavyo mlimani vingepaswa kusomwa kama vile hati ya shamba inavyosomwa. Kimoja kinahusu fidia ya mafunzo, yaani fedha zinazolipwa kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka wake wa 12 hadi wa 21 anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na tena anapohamishwa kabla ya mwisho wa msimu wa kutimiza miaka 23. Kingine kinahusu mchango wa mshikamano, ambapo asilimia 5 ya ada ya uhamisho hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Haki hizo hutegemea kumbukumbu za usajili, na timu ya kijiji isiyosajili watoto wake kwa maandishi haina cha kudai hata mchezaji wake akiuzwa Ulaya. Wakulima wanaotunza risiti za kilo za kahawa za miaka kumi iliyopita wana uwezo kamili wa kutunza kadi ya mtoto wa miaka 12.

Kuhusu kujenga upya, mashabiki wengi hutoa mifano ya nje, na mfano wa besiboli ya Marekani unastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu huko ndiko fikra ya kuibomoa timu kwa makusudi ili kuijenga upya ilikofikishwa mbali kabisa. Klabu ya Houston Astros ilipoteza mechi 106 mwaka 2011, ikapoteza 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013, baada ya kuwaachia wachezaji wake wa gharama kubwa na kuelekeza nguvu kwa vijana, kisha mwaka 2017 ikatwaa ubingwa, ingawa ubingwa huo ulitiwa doa baadaye na kashfa ya kuiba ishara za wapinzani. Njia hiyo iliwezekana kwa sababu mbili ambazo Kenya haina. Kwanza, ligi hiyo haina kushuka daraja, hivyo aliyeshika mkia mwaka huu atacheza ligi ile ile mwakani. Pili, tangu mwaka 1965 wachezaji chipukizi hugawiwa klabu kwa mpangilio unaozipa nafasi ya mbele zile zilizofanya vibaya. Katika Ligi Kuu ya Kenya aliyeshika mkia hupoteza ligi yenyewe, na pamoja nayo mdhamini na wachezaji wake bora. Anayependekeza timu ya mlimani ikubali kufungwa misimu mitatu ili iwalee vijana anapendekeza, bila kukusudia, izikwe.

Hata hivyo, kuna jambo moja katika historia ya besiboli linalofanana na la Kenya. Mikataba ya Marekani ilikuwa na kifungu kilichoiruhusu klabu kumfunga mchezaji mwaka baada ya mwaka hata muda wake ulipokwisha, na kifungu hicho hakikuvunjika hadi mwamuzi wa migogoro alipotoa uamuzi mwezi wa Desemba 1975. Mchezaji wa Kenya aliyewahi kuzungushwa na klabu yake ya zamani akiomba barua ya kuachiliwa, yaani karatasi inayothibitisha kuwa hadaiwi na yuko huru kusajiliwa kwingine, anaijua hali hiyo vizuri. Huko na huku, mabadiliko yaliletwa na wachezaji waliodai haki kwa maandishi, na mashabiki walichelewa kuwaunga mkono.

Murang'a SEAL imechukua njia tofauti na ile ya Mount Kenya United. Klabu hiyo, inayohusishwa na mwekezaji wake Robert Macharia, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 sambamba na Shabana ya Kisii, na inacheza katika uwanja wake yenyewe, uliojulikana awali kama St Sebastian Park, ulio Murang'a kwenyewe. Umuhimu wa jambo hilo hauwezi kutiwa chumvi, kwa kuwa klabu nyingi za Kenya hupanga viwanja, huhama kila vinapofungwa kwa ukarabati, na hupoteza mapato ya mlangoni pamoja na mashabiki wake katika kuhama huko. Uwanja ulio karibu huleta watoto, mama muuza mahindi, bodaboda, na mzee ambaye hangepanda matatu kwenda Machakos kutazama timu ya kwao. Lakini klabu hiyo pia ina mwenyewe. Ikiwa siku moja atachoka, sheria haiwapi mashabiki wa Murang'a nafasi mezani, na hilo linapaswa kusemwa sasa ilhali mambo ni mazuri.

Habari za viwanja vya umma ni fupi na za kusikitisha. Serikali ya Jubilee iliyoingia madarakani mwaka 2013 iliahidi viwanja vya hadhi ya kimataifa, na katika kazi zilizofuata Ruring'u ya Nyeri, Kirubia ya Chuka na Karatu ya Gatundu vilikuwa miongoni mwa vilivyoanza kukarabatiwa kisha vikakwama kwa miaka. Kinoru ya Meru iliandaliwa kwa ajili ya michuano ya Afrika ya CHAN ya mwaka 2018, ambayo Kenya ilinyang'anywa Septemba 2017 kwa kuchelewa kujiandaa. Kazi iliyokwenda kwa kasi mlimani ni ile ya kuandaa mahali pa sherehe za kitaifa: Kabiruini mjini Nyeri kwa Madaraka ya mwaka 2017, Wang'uru katika Kirinyaga kwa Mashujaa ya mwaka 2021, na uwanja wa Moi mjini Embu kwa Madaraka ya mwaka 2023. Uwanja unaojengwa kwa ajili ya gwaride hupata jukwaa la wageni kabla ya kupata timu, na baada ya sherehe hubaki ukisubiri mwenyeji.

Tukirudi kwenye swali la nani mwenye klabu, katika Tanzania umiliki umejadiliwa kwa uwazi zaidi. Simba na Yanga ni klabu za wanachama, na zilipotaka mwekezaji zililazimika kwenda kwa wanachama hao kwanza. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali mfanyabiashara Mohammed Dewji achukue asilimia 49 kwa shilingi za Tanzania bilioni 20, kwa kuwa utaratibu wa nchi uliwataka wanachama wabaki na angalau asilimia 51, na mwaka 2021 Yanga nayo ilibadilisha katiba yake ili kuelekea mfumo wa namna hiyo. Ugomvi haukuisha kwa sababu hiyo, wala haukutarajiwa kuisha, lakini unafanyika ndani ya mkutano wenye akidi, ajenda na kura, jambo ambalo mkulima wa Karatina analifahamu tangu utoto wake.

Kwa hiyo ni haki kuwataka wanaoendesha au watakaoanzisha klabu mlimani waandike katiba yenye daftari la wanachama, hisa ndogo ambazo mchuma chai na dereva wa matatu wanaweza kuzinunua, na hesabu zinazosomwa hadharani kila mwaka. Na ni haki vilevile kuwataka mashabiki wadai mambo hayo kabla ya kudai mshambuliaji mpya. Vyombo vya kufanya hivyo vipo tayari katika kila tarafa, kuanzia makatibu wa vyama vya ushirika wanaojua kuandika kumbukumbu za mkutano hadi wakaguzi wa hesabu na kumbi za mikutano. Katika msimu wa Ligi Kuu wa 2024/25, Murang'a SEAL na Bidco United zilicheza kwa niaba ya Murang'a na Thika, na hapakuwa na klabu hata moja kutoka Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu wala Meru.